Edward Steere: Askofu fundi chapa aliyezipanga herufi za Kiswahili kipande kwa kipande

Na Mwandishi Wetu

KILA siku katika maduka ya kuchapisha ya Lindi, Masasi, Dar es Salaam na Unguja, watu huketi mbele ya kompyuta wakichagua fonti, ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari kabla ya kubofya kitufe cha kuchapa. Maneno hayo huonekana kana kwamba yalizaliwa pamoja na kompyuta.

Ukweli ni kwamba karibu yote yalikuwa majina ya vitu vya kushikika kwa mkono: vipande vya madini, masanduku ya mbao na vibanzi vya risasi. Vitu hivyo vilianza kutumika kwa kazi ya Kiswahili hapa pwani zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Mtu aliyevitumia kwa lugha hii kuliko wengi wa zama zake ni Edward Steere, mwanasheria wa London aliyegeuka kuwa kasisi, fundi chapa, mjenzi na hatimaye askofu. Jina lake hutajwa zaidi panapozungumzwa Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Wakazi wa Lindi na Masasi nao humkumbuka kama mzungu aliyepanda kutoka ghuba ya Lindi mwaka 1876 akiwa na kundi la watu waliokombolewa utumwani.

Kazi yake ndani ya chumba cha chapa hutajwa kwa nadra, ingawa ndiyo inayomgusa kila anayeandika Kiswahili leo, awe anaandika barua ya kuomba kazi au ujumbe wa simu.

Wakili aliyependa chapa

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata shahada ya kwanza mwaka 1847, kisha akaendelea na sheria hadi kupata udaktari na kukubaliwa kuwa wakili mwaka 1850. Sheria haikumkaa moyoni. Mwaka 1856 alifanywa shemasi, na miaka miwili baadaye akawa kasisi, akahudumu katika vijiji vya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza.

Alikuwa mtu wa kazi za mikono. Kazi ya chapa aliijua kabla ya kuiona Afrika, jambo lisilo la kawaida kwa msomi wa sheria wa enzi zile, na ujuzi huo ndio uliokuja kumfaa Unguja pengine kuliko vyeti vyake vyote.

Rafiki yake, William Tozer, aliteuliwa kuwa askofu wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati baada ya askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, kufa karibu na mto Shire mwezi Januari 1862. Tozer alimwomba Steere amsindikize, na mwaka 1863 wakasafiri pamoja. Steere alidhani anakwenda kwa muda mfupi.

Walijaribu kwanza kukaa katika mlima Morambala, karibu na mto Shire, wakashindwa. Tozer akaamua kuihamishia misheni Unguja, na mwishoni mwa Agosti 1864 wakatia nanga.

Haukupita muda, Sultani Majid akamkabidhi Tozer wavulana 5 waliotolewa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni. Wengine walifuata kadiri manowari za Uingereza zilivyoendelea kukamata majahazi baharini.

Wengi wa watoto hao hawakuwa wenyeji wa Unguja. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wamakua na wengineo kutoka bara ya kusini, na njia iliyowaleta ilipitia Kilwa. Hesabu zilizowasilishwa mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza mwaka 1871 zilionesha kwamba katika miaka 5 iliyoishia 1867, watumwa 97,203 walisafirishwa kutoka Kilwa, na kati yao 76,703 walipelekwa Unguja. Hizo ni za wale tu waliopita forodhani.

Kiswahili kwa watoto hao kilikuwa lugha ya pili, kama kilivyokuwa kwa Steere mwenyewe. Walijifunza pamoja, na baadhi yao ndio waliokuja kuwa wapangaji wa herufi.

Fonti ilipokuwa mzigo wa kubeba

Ili kuelewa kazi iliyofanyika katika chumba kile, inafaa kusahau kompyuta kwa muda.

Herufi moja ilikuwa kijiti kidogo cha madini chenye sura ya herufi hiyo kichwani, ikiwa imegeuzwa kama inavyoonekana kwenye kioo. Madini yenyewe yalikuwa mchanganyiko wa risasi, bati na antimoni. Risasi huyeyuka upesi, antimoni huupa mchanganyiko ugumu, na bati huusaidia kujaa vizuri ndani ya kalibu.

Neno fonti lina asili ya Kifaransa na maana yake ni kitu kilichoyeyushwa na kumiminwa. Kwa fundi chapa, fonti ilikuwa seti kamili ya herufi za sura moja, ukubwa mmoja na uzito mmoja. Times New Roman, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na kuanza kutumika mwaka 1932, kwa lugha ya mafundi ni sura ya herufi. Ikiwa ya kawaida kwa ukubwa wa 12 ni fonti moja, ikiwa ya koze kwa ukubwa huohuo ni fonti nyingine, na kila moja ilinunuliwa na kubebwa peke yake. Kompyuta imeziunganisha zote chini ya jina moja, na kwa mtumiaji wa kawaida hakuna hasara.

Seti hiyo ilipangwa katika masanduku mawili yenye vyumba vidogo vidogo. Sanduku la juu lilikaa herufi kubwa, la chini likakaa herufi ndogo. Ndiyo maana hadi leo Waingereza huita herufi kubwa kuwa ni za sanduku la juu na ndogo kuwa ni za sanduku la chini, na programu inayodai nywila ichanganye herufi kubwa na ndogo hutumia istilahi hiyohiyo ya seremala wa masanduku.

Mpangaji alisimama mbele ya masanduku akiwa na kishikio cha chuma mkononi, akiokota herufi moja baada ya nyingine. Aliusoma mstari ukiwa juu chini na herufi zikiwa zimegeuka. Mstari ulipokaribia kujaa, aliingiza vipande vya nafasi kati ya maneno hadi ukakaza. Huko ndiko kusawazisha mistari pande zote mbili, jambo ambalo kompyuta hulifanya kwa mbofyo mmoja. Anayeona maneno yametawanyika ovyo katika safu nyembamba ya gazeti anaona tatizo lilelile: Kiswahili kina maneno marefu, na nafasi zinapokuwa chache kila moja hulazimika kutanuka mno.

Kati ya mstari na mstari alilaza kibanzi chembamba cha risasi ili maandishi yapumue. Katika programu nyingi za kupanga kurasa, nafasi hiyo ya mistari hadi leo huitwa kwa Kiingereza kwa jina la risasi.

Hapa Kiswahili kina lake la kuongeza. Neno risasi, lenye asili ya Kiarabu, ni madini ya mpangaji na pia ni ile itokayo katika mtutu wa bunduki. Chapa nalo lilitoka Bara Hindi, likiwa na maana ya alama au muhuri, na lilikuwepo pwani hata kwa wale ambao hawakuwahi kuona kitabu kilichopigwa mashine.

Ukubwa wa herufi ulipimwa kwa urefu wa kijiti kizima. Sura ya herufi yenyewe haikujaza kijiti chote, na baadhi ya mafundi waliichonga ndogo zaidi kuliko wengine. Hiyo ndiyo sababu Arial ya 12 huonekana kubwa kuliko Times New Roman ya 12 katika ukurasa uleule, jambo linalowachanganya wengi wanaoambiwa waandike kurasa kadhaa kwa ukubwa fulani.

Enzi za Steere ukubwa haukutajwa kwa namba bali kwa majina. Ule uitwao pica ulikaribiana na 12 ya sasa. Mfumo wa pointi ulikubaliwa na viwanda vya Marekani mwaka 1886, wakati Steere alikuwa amekwisha kufa, na Waingereza wakaufuata baadaye. Pointi ya kompyuta ni sehemu moja ya 72 ya inchi, kwa hiyo herufi ya 72 imekaa ndani ya kijiti cha inchi moja.

Isichanganywe na nukta za printa. Printa inayotajwa kuwa na nukta 600 kwa inchi inasifiwa kwa usafi wa picha yake, maana kila herufi huundwa kwa vitone vingi vidogo. Mashine ya Steere haikuwa na vitone. Wino ulipakwa juu ya herufi kwa rola, karatasi ikalazwa, wenzo ukavutwa, na madini yakaikandamiza karatasi. Anayepapasa ukurasa wa kitabu cha namna ile huweza kuhisi mbonyeo kwa kidole.

Herufi zinapokwisha sandukuni

Seti ya herufi iliyonunuliwa Uingereza iligawanywa kwa mahitaji ya Kiingereza. Herufi e zilikuwa nyingi mno, k zilikuwa chache.

Kiswahili kinakwenda kinyume. Sentensi ya kawaida hujaa a, na k, w na y hujitokeza kila mahali kwa sababu ya ngeli: kitu, kwa, wa, ya, watu, kuwa, wakati. Q na x hukaa bure sandukuni. Mpangaji aliyemaliza a zake hakuwa na la kufanya ila kuchapa kurasa zilizokwisha kupangwa, kuzivunja, kuzioshea wino, kuzirudisha herufi moja moja katika vyumba vyake, kisha kuanza kurasa nyingine. Kwa sababu hiyo, katika vyumba vidogo vya chapa, kitabu kilitoka kurasa chache kwa wakati mmoja, na kosa lililogunduliwa baada ya kurasa kuvunjwa lilibaki palepale au kuandikiwa karatasi ya masahihisho.

Mtumiaji wa kompyuta hukutana na ndugu wa tatizo hilo anapofungua faili ya mtu mwingine na kuona visanduku vitupu badala ya herufi, au ukurasa uliopangwa vizuri nyumbani unapovurugika dukani. Fonti iliyotumika haimo katika kompyuta ya pili, nayo imeokota nyingine iliyo karibu. Dawa yake ni kuihifadhi kazi katika PDF huku fonti zikiwa zimefungwa ndani ya faili, ili mzigo na masanduku yake visafiri pamoja.

Katika mazingira hayo ndipo Steere alipoamua jinsi ya kuandika sauti za Kiswahili. Kabla yake, Johann Ludwig Krapf alikwisha kufanya kazi kubwa Mombasa juu ya Kimvita. Huko Ulaya nako, msomi wa Kijerumani Lepsius alikuwa ametunga alfabeti ya kuandikia lugha zote za dunia, yenye vistari na vitone juu na chini ya herufi. Kwa msomi ilipendeza. Kwa fundi chapa wa Unguja ilimaanisha kuagiza vijiti vipya kutoka Ulaya kwa kila sauti.

Steere alichukua irabu zitamkwe kama za Kitaliano na konsonanti zisomwe kwa kiasi kikubwa kama za Kiingereza. Sauti zisizo na herufi yake zikaandikwa kwa kuunganisha mbili: ch, sh, gh, ny. Si vigumu kuuona mkono wa mpangaji katika uamuzi huo. Seti yoyote ya kawaida kutoka London iliweza kuchapa Kiswahili bila kuongezewa kitu. Ndiyo maana hata leo simu yoyote na kompyuta yoyote duniani huandika Kiswahili bila kuwekewa fonti maalumu, faida ambayo lugha nyingi za Afrika Magharibi zenye herufi za alama hazikuipata hadi miaka ya hivi karibuni.

Kile kilichowekwa kando

Faida hiyo ilikuwa na gharama, na waliolipa ni watu wa pwani yenyewe.

Kiswahili hakikungoja misheni ili kiandikwe. Barua zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu, ambazo zimehifadhiwa Goa, India, ni miongoni mwa maandishi ya kale kabisa ya Kiswahili yaliyosalia. Karne nyingi kabla ya barua hizo, masultani wa Kilwa walikuwa wakipiga sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, na kupiga sarafu ni kupiga chapa. Wafanyabiashara wa Kilwa Kivinje na Lindi wa siku za Steere waliandikiana hati za deni na barua kwa herufi hizohizo.

Kuzichapa kwa mashine kulikuwa kazi nzito zaidi. Herufi ya Kiarabu hubadilika sura kulingana na mahali ilipo katika neno, mwanzo, katikati, mwisho au peke yake, kwa hiyo sanduku la mpangaji huhitaji vijiti vingi zaidi kuliko la Kilatini. Haikuwa kazi isiyowezekana, kwani Sultani Barghash alianzisha mtambo wake wa chapa ya Kiarabu Unguja katika miaka ya mwisho ya uhai wa Steere. Leo kompyuta huimaliza kazi hiyo bila mtumiaji kujua: kila herufi ina namba moja, na programu huchagua sura inayofaa.

Lakini misheni ilikuwa na sababu nyingine pia. Herufi za Kiarabu zilikuwa herufi za chuoni, za msahafu na za walimu wa Kiislamu. Misheni ya Kikristo iliyokuwa ikifundisha watoto waliotoka bara haikuona haja ya kuwapitisha huko.

Serikali za kikoloni zilipokuja kuzishika herufi za Kilatini katika shule na ofisi zake, mzee wa Kilwa aliyeweza kuandika barua, wosia na utenzi alijikuta akihesabiwa pamoja na wasiojua kusoma. Lawama hiyo yote haiwezi kuwekwa juu ya mabega ya Steere, aliyekufa kabla Wajerumani hawajafika. Hata hivyo, masanduku yake ya herufi yalikuwa mwanzo wa njia hiyo.

Vitabu vyenyewe vilitoka kwa kasi ya kushangaza. Mwaka 1867 ulichapwa Unguja mkusanyiko wake wa maneno na sarufi ya Kisambaa. Mwaka 1868 alirudi Uingereza, na mwaka 1870 vikatoka London vitabu vyake viwili vilivyojulikana zaidi: mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama ilivyosemwa Unguja, na mkusanyiko wa hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa kisiwa hicho, zikiwemo za Sultani Darai, punda wa dobi na Liongo. Hadithi hizo ziliwekwa Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Mwaka uliofuata zikaja kazi zake za Kiyao na Kinyamwezi.

Inafaa kusemwa wazi kwamba hadithi zile hazikuwa zake. Zilitoka vinywani mwa watu wa Unguja walioketi naye wakimsimulia na kumsahihisha, na thamani ya kitabu imo katika uhodari wao wa kusimulia.

Njia ya Lindi

Steere alirejea Unguja mwaka 1872. Mkataba wa Juni 1873 ulilifunga soko la watumwa, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali palepale. Tozer alijiuzulu kwa maradhi. Tarehe 24 Agosti 1874 Steere akawekwa wakfu kuwa askofu katika kanisa la Westminster, London.

Askofu mpya alitazama kusini. Mwaka 1875 alikwenda Lindi, na kutoka hapo akatembea kwa miguu hadi Mwembe, mji wa chifu wa Kiyao Mataka, katika nchi ambayo leo ni kaskazini mwa Msumbiji. Mataka alikuwa miongoni mwa wakubwa wa biashara iliyopeleka watumwa pwani. Steere aliporudi Unguja mwanzoni mwa 1876, habari za matembezi hayo zilipangwa na kuchapwa katika mtambo wa misheni. Mwaka huohuo ulitoka hapo pia mkusanyiko wake wa Kimakonde, lugha ya majirani wa Lindi.

Mwezi Oktoba 1876 alisafiri tena, safari hii akiwa na watu wazima 55 waliokombolewa, wanaume 31 na wanawake 24, waliokuwa wakiishi katika shamba la misheni Mbweni. Nia ilikuwa kuwarudisha karibu na makwao, kuelekea Ziwa Nyasa. Miaka michache kabla, wengi wa watu wa aina yao walikuwa wameteremshwa pwani wakiwa wamefungwa. Sasa walishuka Lindi wakiwa huru, wakapanda bara wakifuata bonde la mto Lukuledi.

Mwezi Novemba walifika Masasi. Ardhi ilikuwa nzuri, maji yalikuwepo, na wengi hawakuona sababu ya kuendelea. Steere alikubali wabaki. Alimwacha William Percival Johnson kuwaangalia, naye akarudi Unguja. Mwaka uliofuata Chauncy Maples alijiunga na kituo hicho. Masasi ya leo, iliyomo katika mkoa wa Mtwara, inaihesabu siku ile katika historia yake.

Kituo hicho kilifanya jambo ambalo chumba cha chapa cha Unguja pekee hakikuweza. Kilipeleka Kiswahili cha Kiunguja, kikiwa kimechapwa kwa tahajia ya Steere, katikati ya Wayao, Wamakua na Wamakonde, mahali ambapo lugha hiyo ilikuwa ikijulikana zaidi kama lugha ya misafara. Waliokwenda nayo hawakuwa wafanyabiashara bali watu walioijifunza katika utumwa na baada ya utumwa.

Huko Unguja askofu aliendelea na ujenzi. Yeye mwenyewe alisimamia mafundi wa kanisa la Mkunazini, likiwemo paa lake la upinde lililomiminwa kwa mawe ya matumbawe na saruji. Mwaka 1878 alichapisha mazoezi ya Kiswahili kwa wanaoanza kujifunza, na mwaka 1879 John Swedi, mmoja wa wale wavulana 5 wa mwanzo, alifanywa shemasi. Usiku wake ulikwenda katika tafsiri. Alitafsiri Agano Jipya na sehemu za Agano la Kale, akisoma na prufu zake mwenyewe, kazi ambayo humpofusha mtu hata akiwa na taa ya umeme.

Steere alifariki ghafla Unguja mwezi Agosti 1882, akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga.

Mwezi uliofuata wapiganaji wa Kingoni, ambao watu wa kusini waliwaita Magwangwara, waliishambulia Masasi. Nyumba zilichomwa, baadhi ya wakazi waliuawa na wengine wakatekwa kwa mara ya pili katika maisha yao. Maples aliwahamishia waliosalia Newala.

Mtambo wa chapa haukusimama. Mwaka 1888 vijana wa chuo cha Kiungani walianza kuchapa jarida lao la Kiswahili, Msimulizi, lenye habari za vituo vya misheni vya visiwani na bara. Biblia nzima kwa Kiunguja ilitoka mwaka 1891. Arthur Cornwallis Madan alirithi miswada na masahihisho ya Steere, akatoa kamusi zake za mwaka 1894 na 1903, na tahajia ilibaki kwa sehemu kubwa ileile. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, tayari ilikuwa na nusu karne na zaidi ya vitabu nyuma yake.

Herufi za risasi zenyewe ziliendelea kutumika katika viwanda vya Afrika Mashariki hadi sehemu ya pili ya karne ya 20, kisha zikaanza kuondoka moja moja, nyingi zikiyeyushwa na kuuzwa kwa kilo.